Kutoka Gome la Amani hadi Sindano ya Muheza

Mwaka 1902 Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki, kwenye msitu wenye ukungu na mvua nyingi. Walileta miche na mbegu kutoka kila upande wa dunia yenye joto, wakaipanda kwa mistari ili waone ipi itashika udongo wa koloni lao jipya. Mmojawapo ulikuwa mti wa kwinini, ambao kwao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Hawakuutaka kwa mbao wala kwa kivuli. Waliutaka kwa gome lake chungu, maana bila gome hilo hakuna Mzungu aliyekuwa na hakika ya kumaliza masika mawili katika pwani ya Tanga.

Ukishuka kutoka Amani unafika Muheza, na ukiifuata reli ya zamani kuelekea bara unafika Korogwe. Kati ya mwaka 2005 na 2010, watoto waliofikishwa mahututi kwa malaria katika hospitali za miji hiyo miwili waliingizwa katika jaribio kubwa kuliko yote yaliyokuwa yamewahi kufanywa juu ya malaria kali. Wengine walipewa kwinini, dawa ya gome. Wengine walipewa artesuneti, dawa iliyotokana na majani ya mmea wa Kichina. Kwinini ilishindwa, na ilishindwa chini ya milima ileile ambako iliwahi kupandwa.

Sijui wilaya nyingine ambamo historia ya dawa za mimea imepita kwa ukamilifu namna hii. Nasimulia historia hiyo kwa sababu mabishano yetu ya vibarazani na redioni kuhusu mitishamba yanairuka sehemu yake muhimu. Upande mmoja husema babu zetu walitibiwa kwa mizizi na wakaishi. Upande wa pili husema mizizi ni ushirikina. Dawa mbili zilizookoa watu wengi mno dhidi ya malaria zimetoka kwenye mimea, hilo halina ubishi. Ila kati ya mmea na mgonjwa kulikuwa na kazi ndefu ya kupima, kurudia, kulinganisha na kuhesabu waliokufa, na kazi hiyo ndiyo iliyogeuza sifa kuwa dawa.

Gome liliingia Ulaya katika nusu ya kwanza ya karne ya 17. Wenyeji wa upande wa Loja, katika nchi ambayo leo ni Ekwado, waliujua mti huo, na mapadri Wajesuiti waliokuwa Lima wakajifunza habari zake. Mfamasia wao, Bruda Agostino Salumbrino, hutajwa kuwa ndiye aliyelituma gome Roma. Kwa karne nyingi vitabu vilisimulia kwamba mke wa gavana wa Kihispania, Kontesa wa Chinchón, aliponywa homa kwa gome hilo akalileta Ulaya mwenyewe. Hadithi ilipendeza mno hata Linnaeus, alipoupa mti jina la kisayansi mwaka 1742, akautia jina la mama huyo, tena kwa kulikosea herufi. Shajara za gavana zilipochunguzwa katika karne ya 20 ilionekana hadithi haina msingi. Naitaja kwa kuwa dawa za mimea huvuta hadithi za namna hii popote zinapokwenda, na anayezitaka zikubalike hana budi kuzivua hadithi hizo kwanza.

Roma, mji uliokuwa umezungukwa na vinamasi na homa zake, ulikuwa mahali pazuri pa kulijaribu gome. Kufikia mwaka 1649 wafamasia wa Roma walikuwa na karatasi ya maelekezo: gome lisagwe kiasi gani, litiwe katika divai, linywewe wakati gani wa homa. Karatasi hiyo ndogo ina uzito zaidi kuliko hadithi ya mke wa gavana, kwa sababu ilikuwa na dozi. Uingereza mambo yalikwenda kombo. Waprotestanti wengi waliukataa "unga wa Wajesuiti" kwa chuki ya dini. Robert Talbor, kijana asiye na shahada ya udaktari, alijitangaza kuwa mtaalamu wa homa na akawaonya watu hadharani wajihadhari na unga huo, huku akiwatibu kwa dawa yake ya siri. Alimponya mfalme Charles wa Pili, kisha akavuka kwenda Ufaransa kumtibu mtoto wa Louis wa Kumi na Nne. Louis aliinunua siri kwa sharti isitangazwe hadi Talbor afe. Talbor alikufa mwaka 1681, na siri ilipochapwa mwaka uliofuata watu waliona kuwa ni gome lilelile katika divai. Waliokufa kwa homa katika miaka ambayo siri ilikuwa imefungwa mfukoni mwake hakuna aliyewahesabu.

Tatizo kubwa la gome lilikuwa jingine: gome moja halikufanana na jingine. Mti mmoja ulikuwa na dawa tele, wa pili kidogo, wa tatu karibu hauna kitu, na sokoni yote yaliuzwa kwa jina moja. Mganga mwaminifu angeweza kuua mgonjwa kwa kumpa kipimo kilekile kilichomponya jirani. Mwaka 1820, jijini Paris, Pierre Joseph Pelletier na Joseph Bienaimé Caventou walifanikiwa kutenga kiini cha gome, wakakiita kwinini. Tangu hapo daktari aliweza kusema ni gramu ngapi, na gramu ya Paris ikawa sawa na gramu ya Zanzibar. Katika miaka ya 1866 hadi 1868 Waingereza nchini India walikwenda mbali zaidi. Walichukua viini vinne tofauti vya gome, wakawapa wagonjwa 3,600 wa homa na kuandika matokeo. Vyote vinne vilikata homa kwa zaidi ya asilimia 98. Kwa macho ya leo jaribio lile lina kasoro, maana walitazama homa tu, na vimelea vya malaria vilikuwa havijaonwa na mtu. Alphonse Laveran aliviona Algeria mwaka 1880. Hata hivyo, walikuwa wameanza kuuliza swali sahihi: dawa hii ikilinganishwa na ile, nani anapona?

Mbegu za mti nazo zina habari yake, na ni habari ya kusikitisha. Mfanyabiashara Mwingereza Charles Ledger alimtegemea Manuel Incra Mamani, mwenyeji wa Bolivia aliyeweza kuitambua miti yenye dawa nyingi kwa kuitazama tu. Mamani alisubiri miaka minne, kwa sababu baridi kali iliharibu maua msimu hata msimu, ndipo akapata mbegu zilizokomaa. Zilifika London mwaka 1865. Serikali ya Uingereza haikuzitaka. Waholanzi walinunua ratili moja hivi kwa gilda mia moja. Kutokana na mbegu hizo Java ikaota mashamba ambayo gome lake lilikuwa na kwinini hata asilimia 13, na kufikia miaka ya 1930 Waholanzi walikuwa wanashika zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za kwinini ya dunia. Mamani alikamatwa kwao kwa kutoa mbegu, akapigwa, akafungwa, akafa kutokana na mateso hayo. Jina la kisayansi la mti bora kabisa linamtaja Ledger. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, inayodai wenye ujuzi na wenye mimea wapate haki yao, ilikuja baada ya karne nzima na zaidi.

Afrika Mashariki tuliipokea kwinini kutoka mikononi mwa wageni. David Livingstone alikuwa na vidonge vyake mwenyewe, kwinini iliyochanganywa na dawa za kuharisha, na alipopoteza sanduku lake la dawa mwaka 1867, baada ya wapagazi kutoroka nalo, alijua maisha yake yamefupishwa. Robert Koch alifanya utafiti Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898. Kutokana na fikra zake, kuanzia mwaka 1901 Wajerumani waliendesha mjini humo kampeni ya kupima damu za wakazi na kuwapa kwinini wote waliokutwa na vimelea, hata wasiojisikia wagonjwa. Watu wengi waliikwepa. Walikuwa wanaambiwa na serikali iliyowatawala kwa kiboko wameze kitu kichungu kinachofanya masikio yavume, na wao hawaumwi. Siwezi kuwalaumu. Dawa inayotolewa bila maelezo na bila heshima hukataliwa hata ikiwa ya kweli.

Vita vya 1914 vilipoanza, meli za Waingereza ziliifunga pwani na kwinini ya Ulaya ikakoma. Hapo ndipo Amani ilipofanya kazi yake. Gome kutoka milima ya Usambara lilitengenezwa vidonge, na vilipopungua, majeshi ya Paul von Lettow-Vorbeck yalichemsha gome na kunywa maji yake, kinywaji kichungu ambacho Wajerumani walikibandika jina la pombe yenye jina la kamanda wao. Kwa miaka minne jeshi hilo lilitangatanga kutoka Tanga hadi Msumbiji, na sehemu ya uwezo wa kutembea huko kote lilipata kwenye magome ya mti. Wapagazi wa pande zote mbili, wale waliokufa kwa maelfu na ambao kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo, walikuwa wa mwisho katika foleni ya dawa.

Vita vya Pili viliirudisha hofu ileile kwa kiwango cha dunia. Japani iliiteka Java mwezi Machi 1942, na karibu kwinini yote ya dunia ikawa upande wa pili wa vita. Mashamba ya Kivu, upande wa Bukavu, yakawa na thamani ya ghafla, na mpaka leo mti huo unalimwa huko. Lakini maabara za nchi zilizoendelea zilichagua njia nyingine: kuunda dawa bila mti. Klorokwini, iliyokuwa imebuniwa Ujerumani mwaka 1934, ndiyo iliyoshinda. Ilikuwa rahisi, ya bei nafuu, na kwa miaka thelathini hivi kila duka la kijiji liliiuza. Waliokua zama hizo hawajasahau uchungu wake ulimini wala muwasho uliomfanya mtu ajikune usiku kucha. Huko Amani kwenyewe, baada ya vita, Waingereza waliweka taasisi ya utafiti wa malaria ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliingia katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mti ukasahauliwa bustanini.

Usugu wa vimelea dhidi ya klorokwini ulianza mwishoni mwa miaka ya 1950 mpakani mwa Thailand na Kambodia, na Colombia. Mwaka 1978 uligunduliwa Afrika Mashariki. Klorokwini ilikufa polepole mikononi mwa waganga na akina mama ambao hawakuambiwa kwamba imekufa. Tanzania iliiacha rasmi mwaka 2001. Mrithi wake, dawa iitwayo SP, alidumu miaka mitano tu. Kwa hiyo mwanzoni mwa karne hii mama wa Muheza alikuwa na mtoto mwenye homa na kabati lenye dawa zisizofanya kazi. Kwa malaria kali kilichobaki ni kwinini ya dripu, dawa ya mwaka 1820.

Jibu lilikuwa limekwisha kupatikana zamani, katika nchi iliyokuwa imejifungia. Vietnam ya Kaskazini ilikuwa ikipoteza askari wengi kwa malaria msituni, ikaomba msaada kwa Wachina. Tarehe 23 Mei 1967 mkutano wa siri uliitishwa Beijing, na mradi ukapewa jina la tarehe hiyo: 523. Zaidi ya watafiti mia tano kutoka taasisi kama sitini waliingia kazini. Januari 1969, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, mama mmoja mfamasia wa miaka 38, Tu Youyou, aliteuliwa kuongoza kikundi katika Chuo cha Tiba ya Jadi ya Kichina. Mumewe alikuwa amepelekwa shamba. Aliwaacha watoto wake wawili wadogo, mmoja katika shule ya bweni ya watoto, mwingine kwa bibi na babu yake Ningbo, akaenda Hainan kuwatazama wagonjwa.

Nikisoma alivyofanya kazi, kinachonigusa zaidi ni heshima aliyowapa wazee bila kuwaamini kwa upofu. Kikundi chake kilisoma vitabu vya kale na kuwahoji waganga, kikakusanya mapishi 2,000 na kuchuja 640. Dondoo zaidi ya 380 kutoka mimea kama 200 zilijaribiwa kwa panya wenye malaria. Mmea uitwao qinghao, artemisia, ulizuia vimelea kwa asilimia 68 mara ya kwanza. Waliporudia, matokeo yakaanguka. Mtu mwenye haraka angeutupa; mtu mwenye imani ya bure angetangaza zile 68 na kufumbia macho nyingine. Tu Youyou alirudi kwenye vitabu. Katika kitabu cha tiba za dharura cha Ge Hong, mganga wa karne ya nne, alikuta maelekezo ya kutibu homa za vipindi: qinghao iloweke kwenye maji, ikamuliwe, maji yake yanywewe. Hapakuwa na neno lolote la kuchemsha.

Kila mtu aliyekuwa anaandaa dawa za mitishamba, Uchina kama kwetu, alichemsha. Tu akajiuliza kama moto ndio unaoiua dawa. Akabadili njia, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzijoto 35 tu, akatenganisha na sehemu yenye asidi iliyokuwa na sumu. Tarehe 4 Oktoba 1971 dondoo namba 191 ilifuta vimelea vyote kwenye panya, kisha kwenye nyani. Karakana zilikuwa zimefungwa kwa ghasia za siasa, kwa hiyo walitumia mapipa makubwa ya maji ya nyumbani kukamulia majani kwa etha, bila mashine za kutoa hewa chafu, na wenzake kadhaa waliugua. Yeye mwenyewe aliumwa ini. Julai 1972, kabla mgonjwa yeyote hajapewa, yeye na wenzake wawili walijilaza hospitali na kuinywa kwanza ili waone kama ni salama. Mwaka huohuo wagonjwa 21 wa Hainan walitibiwa na homa zikashuka. Mwezi Novemba walipata fuwele za kiini chenyewe, artemisinini.

Bado haikuwa dawa. Mwaka 1973 vidonge vya kwanza vilipopelekwa Hainan vilifanya vibaya. Badala ya kusema mmea haufai, au kusema wagonjwa hawakufuata masharti, walikipima kidonge chenyewe na kukuta kimebanwa kigumu mno hata hakiyeyuki tumboni. Walipotia unga uleule kwenye vidonge vya ganda laini, wagonjwa walipona. Mwaka 1979 Wachina walichapa kwa Kiingereza matokeo ya wagonjwa 2,099.

Wanasayansi wa Kichina walikuwa wamegundua umbo la artemisinini katikati ya miaka ya 1970, na umbo hilo lilieleza mengi. Ndani yake mna daraja la atomi mbili za oksijeni zilizoshikana, muungano dhaifu unaovunjika kwa urahisi. Kimelea cha malaria kinaishi ndani ya chembe nyekundu ya damu, kikila himoglobini, na mlo huo hubakiza chuma. Chuma hicho kikikutana na daraja lile hulivunja, na vipande vinavyorushwa hukiunguza kimelea chenyewe. Dawa inawashwa na uroho wa adui. Ge Hong hakuwa na njia ya kujua habari hizo, lakini mkono uliomwelekeza kuloweka badala ya kuchemsha ulikuwa umejifunza kwa kutazama.

Kasoro yake ni kwamba artemisinini hutoka mwilini kwa saa chache. Huua vimelea vingi mno kwa haraka, na vilivyosalia huamka. Kwa hiyo dawa za jamii yake huoanishwa na nyingine inayokaa siku nyingi, kama lumefantrini, nayo ya Wachina. Muungano huo ndio ALu, dawa mseto ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwishoni mwa mwaka 2006, dozi sita kwa siku tatu, imezwe na chakula chenye mafuta au maziwa ili ifyonzwe vizuri.

Kwa malaria kali madaktari walikuwa wagumu kuiacha kwinini, na walikuwa na haki. Mwaka 2005 jaribio la Asia, kwa wagonjwa 1,461, wengi wao watu wazima, lilionyesha artesuneti ya sindano, iliyotengenezwa kutokana na artemisinini, inapunguza vifo kutoka asilimia 22 hadi 15. Lakini wanaokufa zaidi duniani kwa malaria ni watoto wa Afrika, na mtoto wa Kiafrika hafi kwa njia ileile kama mtu mzima wa Asia. Anapungukiwa damu, anapata degedege, sukari inashuka, anazimia. Haikufaa kukisia kutoka Asia. Ndipo likaanzishwa jaribio kubwa lililotajwa mwanzoni, katika vituo 11 vya nchi tisa, pamoja na Muheza, Korogwe, Kilifi, Mbarara, Rwanda na Kinshasa.

Mfikirie muuguzi wa zamu usiku wa masika. Mtoto amebebwa kutoka kijijini, amekwisha pita kwa mganga kwa sababu degedege kwa wengi pwani ni jambo la mashetani, na macho yamegeuka. Kwa kwinini muuguzi hutafuta mshipa, hufunga dripu, huitazama saa nne isikimbie wala isisimame, na baada ya saa chache zaidi hurudia. Sukari ya mtoto yaweza kuanguka wakati dawa inaingia. Kwa artesuneti ni sindano ya dakika chache, baada ya saa kumi na mbili nyingine, baada ya saa ishirini na nne ya tatu, kisha moja kila siku. Nani apate ipi hakuamua daktari wala mzazi. Iliamuliwa na bahasha iliyofungwa, isiyoonyesha kilichomo, ili huruma ya mtu isiwapeleke walio nafuu upande mmoja na mahututi upande wa pili. Wapo wanaoona jambo hilo ni la ukatili. Kwangu ni adabu ya hali ya juu: kukiri kwamba hatujui, na kumtendea kila mtoto kwa haki wakati tunatafuta kujua.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Watoto 5,425 walihusika. Kati ya 2,713 waliopewa kwinini walikufa 297. Kati ya 2,712 waliopewa artesuneti walikufa 230. Ni asilimia 10.9 dhidi ya 8.5. Artesuneti haikumponya kila mtu, na nayo ilizika watoto 230. Lakini watoto 67 ni madarasa mawili ya shule, na bila bahasha zile tusingejua tofauti hiyo ipo, maana wodi moja peke yake isingeiona. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake kwa watoto. Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel.

Sasa najibu swali ambalo huja kila mara: kama dawa imo kwenye jani, kwa nini tusinywe chai ya jani? Swali hilo halistahili kubezwa, hasa kwa wakulima wa Tanzania, Kenya na Uganda walioilima artemisia katikati ya miaka ya 2000 kwa ajili ya kiwanda cha Athi River, wakaona bei yake ikipanda na kuanguka. Na limekwisha pimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanywa Kongo, uliwagawa wagonjwa wa malaria kati ya chai ya artemisia na kwinini. Siku ya saba asilimia 74 ya wanywaji chai walikuwa hawana vimelea, dhidi ya 91 wa kwinini. Kisha katika wiki zilizofuata ugonjwa uliwarudia wengi waliokunywa chai. Hayo si matokeo ya kitu kisicho na nguvu; jani lina dawa kweli. Ila artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji, na kiasi chake hutofautiana shamba hadi shamba, kama gome la karne ya 17. Mgonjwa anapata nafuu, anaacha, na vimelea vilivyoonja dawa kidogo vinabaki na funzo. Mwezi Aprili 2020 Madagascar ilipozindua kinywaji cha artemisia dhidi ya UVIKO-19, na mwezi uliofuata ndege ya serikali yetu ikaenda kukichukua, tulikuwa tumeruka kila hatua ambayo Tu Youyou aliipitia: panya, nyani, yeye mwenyewe, wagonjwa 21, kundi la kulinganisha. Niliumia, kwa sababu mmea huo ulikuwa umekwisha heshimiwa na dunia kwa njia ya kweli, na haukuhitaji kusingiziwa.

Usugu dhidi ya artemisinini nao haujalala. Ulikuwa umegunduliwa magharibi mwa Kambodia kufikia mwaka 2009. Mwaka 2020 watafiti waliripoti kutoka Rwanda vimelea vyenye badiliko katika jeni ya Kelch13, linalovifanya vichelewe kufa kwa artemisinini. Mwaka 2021 ikawa kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2024 ikawa Karagwe, mkoani Kagera. Dawa mseto bado inaponya kwa sababu mwenzake lumefantrini anaibeba, lakini kila msimu una hesabu yake.

Kwa hiyo macho yanarudi kwenye misitu na vichaka vyetu wenyewe. Kazi hiyo ilianza zamani. Muhimbili imekuwa na kitengo cha tiba asili tangu mwaka 1974, kilichokuja kuwa taasisi kamili. Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti wa mimea 43 ya Tanzania iliyotajwa na waganga kuwa inatibu homa. Ilipojaribiwa dhidi ya vimelea ndani ya maabara, kadhaa ilionyesha nguvu ya wazi, mmojawapo ukiwa Maytenus senegalensis, mti mdogo wa miiba ambao mizizi yake imetumika nchini kwa zaidi ya miaka sitini. Kati ya chupa ya maabara na mtu kulipita karibu miaka thelathini. Mwaka 2022 ndipo lilipochapishwa jaribio la awamu ya kwanza la vidonge vya mti huo, kwa wanaume 12 wa Kitanzania wenye afya njema. Lilikuwa la kuuliza swali moja tu, kama vidonge ni salama, na watafiti walichukua damu, wakapima ini na figo, wakaandika kila kichefuchefu. Vidonge vilivumilika vizuri. Kama vinafuta vimelea kwenye damu ya mgonjwa, na kwa dozi gani, ni kazi ya awamu zinazofuata, na ndizo zinazohitaji fedha za serikali zetu, wagonjwa watakaoridhia, na dawa mseto upande wa pili wa bahasha.